Salamu za Langoni

Kwa miaka kumi na tisa, mpira wa Jumamosi wa wazee wa soko la mifugo la Isiolo ulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna aliyezisahau. Kila upande ulikuwa na watu watano, au sita, au wanane kama soko limejaa siku hiyo. Ukuta wa kinu cha posho ulikuwa mchezaji: unaupigia mpira, unakurudishia, unaendelea na safari yako. Mpira ukitoka upande wa barabara unarushwa kwa mikono. Kona tatu ni penalti. Aliyechezewa vibaya ndiye anayesema kama amechezewa vibaya, na wenzake wanamtazama usoni kujua kama anadanganya. Mchezo unaisha adhana ya magharibi ikisikika au mwenye mpira akikasirika, lolote litakalotangulia.

Na kipa akidaka mpira, mchezo unapumzika. Sheria hiyo Galgalo aliipenda kuliko zote, maana kipa alikuwa yeye. Alikuwa dalali wa ng'ombe, miaka hamsini na mitatu, mrefu, mwenye goti moja linalokubali kupinda na jingine la kubembelezwa. Akishaukumbatia mpira, wenzake waliinama kuvuta pumzi, na mpita njia yeyote mwenye salamu alijua huo ndio wakati wake. Angesogea langoni aseme salaam aleikum, na Galgalo angemjibu inavyostahili: amani ya nyumbani, amani ya watoto, ng'ombe, mbuzi, maji, malisho, mvua. Siku moja alimaliza kuuza beberu wawili kwa simu mpira ukiwa kwapani, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mnunuzi.

Usidhani walikuwa wanajifurahisha tu. Sokoni mtu huambiwa maneno mabaya sana kabla ya saa nne asubuhi. Mborana anamwambia Msomali kwamba fahali wake ni ngozi iliyochelewa kwenda kiwandani. Mmeru anamuuliza Mturkana kama mbuzi huyu ndiye yule aliyemlea. Maneno ya namna hiyo ukilala nayo yanaoza. Lakini saa kumi walikutana uwanjani, wakapigana mateke ya miguuni, mmoja akamwinua mwenzake kutoka mavumbini, na mambo yakaishia hapo. Galgalo alisema waziwazi, kwa aliyetaka kusikia na kwa asiyetaka, kwamba saa ile ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wasichukiane.

Kisha kikaja kibao cha mradi, na nyuma ya kibao mabati, na nyuma ya mabati mashine ya kuchanganya zege. Uwanja ukafungwa miezi minane. Na katika miezi hiyo minane ndipo Galgalo alipokosana na Robow.

Robow alikuwa mfuga ngamia, rafiki yake wa tangu ujana, na mguu wa kushoto wa timu. Ugomvi wao ulianza na fahali kutoka Gotu. Robow alisema mbele ya watu kwamba fahali anachechemea. Galgalo akasema hachechemei, mguu umekufa ganzi kwa kusimama kwenye lori. Robow akauliza kama ganzi hiyo ilipanda lori pia. Watu wakacheka. Galgalo, ambaye hapendi kuchekwa akiwa kazini, akasema kwamba mtu aliyemaliza umri wake akitazama matako ya ngamia hawezi kuhukumu mguu wa ng'ombe. Watu wakacheka zaidi. Robow akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Zamani, Jumamosi hiyohiyo Robow angemkanyaga kidole cha mguu kwa makusudi, na wangekuwa wamemaliza. Sasa hapakuwa na mahali pa kukanyagana. Wote wawili walijua, kwa kuwa walifundishwa madrasa moja, kwamba Mwislamu hana ruhusa ya kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora kati ya wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Kila mmoja akawa anampisha mwenzake huo ubora. Miezi minane ikapita hivyo. Khadra, mke wa Galgalo, aliendelea kutembeleana na mke wa Robow kama kawaida, na wanawake hao wawili waliwacheka waume zao mpaka chai ikapoa.

Mabati yalipoondolewa, watu wa mtaa wa Bula Pesa walikuta sakafu ya simiti iliyopakwa rangi ya buluu, wavu kuzunguka pande zote, malango madogo mapya, na tangazo. Huu sasa ulikuwa uwanja wa futsal, mpira wa watu watano watano kwenye sakafu. Timu mbili zilikuwa zimeomba saa ileile ya Jumamosi, kumi hadi kumi na mbili: wazee wa soko la mifugo, na vijana wa boda boda wa Kambi Garba. Zingecheza mechi moja kwa sheria za futsal. Mshindi angechukua saa hiyo mwaka mzima. Sare ingewapa vijana saa hiyo, kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuandikisha timu.

Galgalo aliposoma jina la refa chini ya tangazo, alikwenda moja kwa moja kwa wenzake akawaambia watulie, mambo yameisha. Refa pekee wa futsal mwenye cheti katika mji mzima wa Isiolo alikuwa mwalimu Tiya Galgalo, binti yake wa kwanza.

"Damu nzito kuliko maji," aliwaambia.

Jioni hiyo alimweleza Tiya jambo hilo kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwingine kitu anachokijua. Tiya alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mwanamke mfupi, mtaratibu, na hajawahi kumwachia mtu hata nusu sekunde. Mwanafunzi wake akichelewa dakika moja, anaandika dakika moja.

"Baba, uwanjani mimi sina baba," alisema.

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Namba moja."

Khadra alicheka hadi akaweka kikombe chini. Galgalo hakucheka. Alihisi aibu, kisha hasira, kisha akakumbuka kwamba ada ya mafunzo ya urefa ilitoka kwenye mfuko wake mwenyewe, na hasira ikawa mbili.

Hata hivyo Tiya aliwaletea mpira wa kufanyia mazoezi. Ulikuwa mdogo, mzito, na ukiudondosha ulibaki palepale. Isacko, mnene wa timu, mwenye shamba la ndizi huko Rapsu na mazoea ya kutengeneza kila kitu, aliutazama kwa huruma akasema umekufa. Akaupeleka kwa fundi wa pancha. Fundi akaupiga pampu, akautumbukiza kwenye karai la maji, hakuona povu. Akaupiga pampu tena. Ulipopasuka, mteja aliyekuwa akingoja gurudumu lake alilala chini kifudifudi, na Tiya ikabidi aombe mpira mwingine kutoka Meru na kuwaeleza wazee, polepole, kwamba umetengenezwa usidunde. Huu si wa kupiga juu. Ni wa kukaa mguuni.

Siku mpira mpya ulipofika, Tiya aliwakalisha chini ya ukuta wa kinu cha posho akawapa somo. Ukuta umestaafu, aliwaambia, mpira ukivuka mstari umetoka. Haurushwi kwa mikono, unawekwa kwenye mstari na kupigwa kwa mguu. Makosa yanahesabiwa kwa timu nzima: kuanzia kosa la sita katika kipindi kimoja, wapinzani wanapiga mkwaju wa adhabu bila nyinyi kujipanga mbele yake.

"Bila watu mbele kabisa?" akauliza Isacko.

"Kipa tu."

Wote wakamtazama Galgalo kama wanaotazama jeneza likipimwa. "Na kipa," Tiya aliendelea, "akishika mpira upande wake, ana sekunde nne. Nitazihesabu kwa vidole, hivi, juu. Zikiisha, wapinzani wanapewa mpira karibu na goli."

"Sekunde nne," alisema Galgalo. "Mama yangu, Mungu amrehemu, kwa sekunde nne alikuwa hajamaliza kukohoa kabla ya kujibu salamu."

"Hakuwa kipa, Baba."

Aliyezipenda sheria hizo alikuwa mmoja tu, mzee Sahal, nahodha, mwenye malori mawili. Babu yake alikuwa sajini wa jeshi la Mwingereza, na Sahal mwenyewe huona foleni iliyonyooka akafurahi. Yeye ndiye aliyegundua kitu ambacho wengine hawakukisikia kwa kulalamika kwao. Alimuuliza Tiya wachezaji wanaweza kubadilishwa mara ngapi.

"Mara yoyote mnayotaka. Anatoka, anapumzika, anarudi. Hamuhitaji kuniomba."

"Na mpira ukitoka?"

"Saa inasimama mpaka mpira urudi."

Sahal akatoa karatasi mfukoni, akaanza kuandika majina. Futsal ya watu wengine ni mchezo wa vijana wepesi. Sahal aliona humo pumziko la wazee tisa wenye magoti mabovu, kila mmoja dakika mbili kiwanjani na mbili kwenye benchi.

Jumamosi ya mechi watu walijaa nje ya wavu toka upande wa barabara hadi upande wa kinu. Robow alikuwepo pia. Galgalo alimwona mara moja, amesimama peke yake karibu na kilango kilicho nyuma ya goli, fimbo mabegani na mikono juu ya fimbo. Galgalo alijifanya anakagua wavu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, Isacko alipiga mpira pembeni ili umrudie, ukatoka nje na yeye akabaki akiungoja. Mzee mwingine aliukimbilia, akauinua juu ya kichwa tayari kuurusha, na Tiya akampungia mkono auweke chini. Na mateke, yale mateke ya amani ya siku zote, yalianza kuhesabiwa. Dakika ya tisa Tiya alionyesha vidole vitano kwa meza ya saa, alikokuwa ameketi mwalimu mwenzake Mukami. Dakika ya kumi Isacko alimkumbatia kijana wa boda boda kiunoni ili amuulize anakimbilia wapi. Hilo likawa la sita. Kijana akauweka mpira, wazee wakaondolewa mbele yake, na Galgalo akaona jinsi goli lilivyo pana mtu akiwa peke yake ndani yake. Bao. Kipindi kikaisha vijana wakiongoza matatu kwa moja.

"Sasa," alisema Sahal wakati wa mapumziko, akikunjua karatasi yake, "hakuna mtu kukimbia zaidi ya dakika mbili. Na mkichoka, pigeni mpira nje."

Vijana wa boda boda walikuja na watu sita tu, kwa sababu wengine walikuwa na abiria. Dakika ya tano ya kipindi cha pili walianza kuhema. Wazee waliingia na kutoka kama watu kwenye mlango wa benki, kila anayeingia ameshapangusa jasho, ameshakunywa maji, amemaliza hata kuongea na simu. Isacko akihisi kizunguzungu aliubetua mpira juu ya wavu hadi kwenye paa la kinu, saa ikasimama, akashika kiuno akatazama mawingu. Vijana walilalamika kwamba wazee wanapoteza muda.

"Muda haupotei," Tiya aliwaambia. "Umesimama."

Tatu mbili. Tatu tatu. Na zikiwa zimebaki dakika mbili, Sahal mwenyewe, kwa ncha ya kiatu na bila haraka yoyote, akaupitisha mpira katikati ya miguu ya kipa wa vijana. Nne kwa tatu. Nje ya wavu mwanamke mmoja alipiga kigelegele, na Galgalo akaijua sauti ya Khadra.

Vijana wakaja kwa nguvu zilizobaki. Mmoja wao, yule mwembamba mwenye koti la kuakisi mwanga ambaye hakulivua hata uwanjani, alifyatua kombora kutoka mstari wa kati. Galgalo alijirusha. Goti la kubembelezwa halikungoja kubembelezwa. Akaudaka mpira kwa mikono miwili, akaanguka nao, akainuka nao. Ubao wa saa ulionyesha zimebaki sekunde kumi na moja. Ilibaki autupe mbele tu, na saa ya Jumamosi ingekuwa yao.

Nyuma yake kilango kikalia. Robow alikuwa ameingia.

Robow hakusikia somo la Tiya. Hakuwa na timu tangu siku ya fahali, na mpira alioujua ni ule wa zamani, ambamo kipa akidaka, mchezo unapumzika na mwenye salamu anasogea. Alikuwa ameona rafiki yake akiruka mithili ya kijana wa miaka ishirini, na moyo ulikuwa umemshinda. Kwa adabu zote, kwa wakati alioamini ndio unaofaa, alisimama hatua mbili kutoka mlingoti akateremsha fimbo.

"Salaam aleikum, Galgalo."

Galgalo akageuka. Kwa pembe ya jicho aliuona mkono wa binti yake ukipanda juu, na kidole kimoja kikifunguka.

Alijua kila kitu kwa wakati mmoja. Alijua kuhusu mpira, alijua kuhusu saa. Alijua pia kwamba mtu huyu alikuwa ameukubali ubora ambao yeye Galgalo aliukimbia miezi minane. Mtu akikupa kitu kama hicho humgeuzii mgongo ili urushe mpira kwanza.

"Wa aleikum salaam wa rahmatullah," alijibu. "Nagaa, Robow, amani? Nyumbani nagaa?"

"Nagaa. Kwako watoto wazima?"

"Wazima. Wako? Mama watoto?"

"Tupa mpira," alisema Sahal kutoka katikati ya uwanja, taratibu, kama mtu anayezungumza na ng'ombe aliyesimama barabarani. Kidole cha pili kilikuwa kimefunguka zamani. Cha tatu kikafunguka.

"Mbuzi?"

"Wanakunywa. Mvua ilipita upande wa Kulamawe."

"Alhamdulillahi. Na ngamia?"

Kidole cha nne. Filimbi.

Galgalo aliuweka mpira chini pale alipoonyeshwa, kwa heshima, kisha akamwendea Robow akashika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kwa sababu jibu la ngamia lilikuwa halijaja. Nyuma yake kijana wa koti la kuakisi mwanga alimsukumia mwenzake mpira, na mwenzake akautia katika goli ambalo halikuwa na mtu. Nne kwa nne. King'ora cha meza kikalia, na vijana wa boda boda wakawasha pikipiki zao zote kwa pamoja.

"Ni nini hiyo?" akauliza Robow.

"Tumepoteza uwanja," alisema Galgalo. "Uliniambia ngamia wako vipi?"

Isacko peke yake alisema kwamba saa ya mwaka mzima imeuzwa kwa salamu moja, na alisema hivyo akimtazama Robow, mpaka akaona wale wawili hawajaachana mikono, akaenda kutafuta viatu vyake. Robow alipoelezwa habari za sekunde nne, aliketi kwenye simiti akafunika uso kwa kilemba. Alisema wallahi angejua angengoja, kwani miezi minane alikuwa ameshangoja. Sahal alikwenda mezani akauliza kuna saa gani iliyobaki. Ilibaki Jumanne saa saba mchana, jua likiwa utosini, ambayo hakuna timu iliyokuwa na wazimu wa kuiomba. Sahal akaandika majina kumi. La kumi lilikuwa la Robow.

Galgalo alipokwenda kuchukua koti lake mezani, Mukami alikuwa akizungusha waya wa ubao wa saa. Hakuinua macho.

"Mzee, ulipodaka ilikuwa kumi na moja," alisema. "Filimbi ilipolia ilikuwa mbili."

Galgalo si mtu wa shule, lakini dalali hutoa na kujumlisha haraka. Akamfuata binti yake, ambaye alikuwa ameshaondoka, filimbi shingoni, akitembea upande wa barabara kuu.

Walikwenda pamoja kitambo. Walipofika mahali lami inapoanzia, Galgalo alisema, "Sekunde zako nne ni tisa."

Tiya hakukana. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo upande wa macho.

"Nilikuwa nakungoja umalize," alisema. "Nilijua ni Robow. Nilihesabu polepole, nikasema labda utamjibu kwa ufupi leo, siku moja tu."

"Zilibaki mbili. Ungengoja mbili."

"Ulikuwa umefika kwa ngamia, Baba. Robow ana ngamia arobaini."

Galgalo alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akamwambia kwamba refa anayehesabu namna hiyo hafai hata kidogo, na kwamba yeye angekuwa mkubwa wa marefa angemnyang'anya filimbi jioni hiyohiyo. Tiya akasema ni kweli. Lori la mchanga lilikuwa linakuja mbio kutoka upande wa Meru. Galgalo akamshika binti yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Tiya akiwa darasa la pili, wakangoja lipite, ndipo wakavuka.